Mjane wa Mzee Lehemu

Siku Mhandisi alipogundua kwamba wapiga gitaa husikiliza kwa macho, alikuwa ameingia dukani kukwepa mvua tu. Lilikuwa duka la vyombo vya muziki, naye alisimama karibu na mlango akijifanya anakagua filimbi, viatu vimelowa chapachapa. Tuseme mapema, asije mtu akadai tulimficha jambo: Mhandisi hakuwa mhandisi. Balbu ikiungua nyumbani kwake alikuwa akiita jirani. Jina hilo alilipata kwa sababu ya miwani, kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na mdomo uliojua kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mbele yake, mteja mmoja alikuwa akijaribu gitaa la umeme. Mjini alijulikana kwa jina la Kidole, kwa vile kidole chake cha mwisho kilikuwa kikifika kwenye nyuzi ambazo vidole vya wenzake vilikuwa vikizitazama kwa mbali. Alikuwa ameomba kusikia amplifaya ya rafu ya juu kabisa, ile yenye bei ya kumfanya mtu akae chini. Dada muuzaji alichomeka waya, Kidole akafumba macho, akapiga.

"Yesu na Maria!" akasema, macho bado yamefumba. "Dada, unasikia? Hii haipigi kelele, hii inaongea. Hata nikigusa uzi kidogo tu, inajua. Mashine kama hii inamfundisha mtu adabu."

"Samahani, kaka," alisema dada. "Ile ya juu soketi yake imekufa. Nimekuchomekea kwenye hii ya rafu ya kati."

Kidole alifumbua macho. Akaitazama amplifaya ya rafu ya kati, boksi jeusi la kawaida lisilo na makuu, na bei yake ya kawaida imebandikwa ubavuni. Akarudia kupiga kipande kilekile. Akakunja uso.

"Aa," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nasikia kuna kitu kimepungua."

Mhandisi aliweka filimbi chini.

Kidole alipoondoka, Mhandisi alisogea kaunta. "Dada yangu, hiyo mashine ya kati ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Ndiyo ubaya wake." Dada aliifuta vumbi kwa huruma, kama anamfuta mtoto aliyekosa zawadi. "Ina sauti safi, ukitaka ya kukwaruza inakwaruza, ina mwangwi, haiungui, haivumi kama nyuki. Nimeuza kumi na moja, haijarudi hata moja. Mtu mwenye kazi ya kawaida anaimudu. Lakini wapiga gitaa wakiipenda wanaona aibu. Wanataka mashine yenye hadithi."

"Hadithi," alisema Mhandisi polepole. Mvua ilikuwa imekatika, lakini hakuondoka.

Sasa, hadithi yake mwenyewe ilikuwa hivi. Alikuwa na mke, fundi cherehani, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, na alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu mwingine yeyote, pamoja na yeye mwenyewe, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yake si dogo. Mara tatu alikuwa amemwahidi chumba cha duka barabarani, apate kushonea na kuonekana na wateja. Mara ya kwanza mwenye chumba alikuwa ameugua. Mara ya pili karatasi zilikuwa zimepotea. Mara ya tatu mke alikwenda kwa mwenye chumba mwenyewe, akamkuta mzima, karatasi anazo mkononi, na wala hamjui Mhandisi ni nani. Hakugomba. Alibeba cherehani yake akahamia kwa kaka yake, seremala, akawa anashonea barazani mwa karakana. Vumbi la mbao lilikuwa likitua juu ya magauni, na wateja walikuwa wakiyapokea wakipiga chafya.

"Siku utakapokuja na ufunguo wa chumba," alimwambia mumewe, "njoo na mkokoteni wa kubeba cherehani. Siku nyingine zote wewe ni mgeni wa kaka."

Basi Mhandisi akauza friji lake, ambalo kwa miezi miwili halikuwa limehifadhi kitu zaidi ya maji, akanunua ile amplifaya ya rafu ya kati. Akaipeleka moja kwa moja kwa shemeji yake.

Seremala aliizunguka mara mbili. "Unataka nifanye nini?"

"Itoe kwenye boksi lake, utumbo wote kama ulivyo. Uniundie boksi jingine kwa mbao za kale. Lile kabati bovu la nyuma, milango yake inafaa. Usipige msasa sana. Nataka mtu akiligusa ahisi limeona mambo."

"Halafu?"

"Hapa mbele palipo na jina la kampuni, weka kibati cha shaba, ukikwaruze namba saba."

"Kwa nini saba?"

"Kwa sababu ziliundwa tisa tu, shemeji. Na aliyeziunda ni marehemu."

Seremala alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake ulikuwa wa aina ile inayouliza maswali ikiwa tayari imeshika msumeno. "Na huu si wizi, shemeji?"

"Wizi ni kumchukulia mtu chake. Mimi nawapa mashine nzuri, haijarudi dukani hata moja. Waulize."

"Kwa bei mara nne."

"Moja ni ya mashine. Tatu ni za hadithi. Au unadhani hadithi inajitunga yenyewe? Siku mbili sijala."

Kitambaa cha mbele ya spika kilishonwa na mkewe, kutoka pazia la zamani. Aliambiwa ni oda ya mteja. Alipima, akakata, akashona mshono usioonekana, akamkabidhi bila kumwangalia usoni.

"Wa nini huu?"

"Wa chumba chako."

"Hm," alisema mkewe, na akarudi kwenye gauni la mtu.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mzee Lehemu. Kulingana na Mhandisi, ambaye ndiye aliyekuwa mtaalamu pekee wa somo hilo duniani, Mzee Lehemu alikuwa fundi asiyesoma shule hata siku moja, aliyeunganisha waya kwa kusikiliza na si kwa kutazama. Kila amplifaya alikaa nayo mwaka mzima, akilala chumba kimoja nayo. Alikufa maskini, maana alikataa kuwauzia watu wasiojua kutyuni gitaa. Na Mhandisi alikuwa kama mwanawe: ndiye aliyekuwa akimfunga kamba za viatu alipozeeka, na ndiye aliyekabidhiwa mashine chache zilizobaki, azitafutie wenye masikio. Masharti yalikuwa mawili. Volyumu isivuke nne. Na boksi lisifunguliwe nyuma kamwe, sauti isije ikapoa.

Wa kwanza alikuwa Kidole. Mazoezi ya bendi yake yalikuwa yakifanyika nyuma ya kiwanda cha uchapaji, kwenye chumba kilichonuka wino, saa za mchana mashine za uchapaji zikiwa zimezimwa. Mhandisi aliiingiza ile amplifaya imefunikwa shuka jeupe. Hakuifunua mara moja. Alisimama kando yake kwanza, ameinamisha kichwa, mpaka hata mpiga besi akavua kofia.

"Alikufaje?" aliuliza Kidole kwa sauti ya chini.

"Shoti," alisema Mhandisi. "Mkono kwenye transfoma. Tulimkuta anatabasamu."

Kidole alichomeka gitaa. Akapiga kipande kilekile alichokipiga dukani, kwa mashine ileile, utumbo kwa utumbo, na machozi yakamlengalenga. "Hii," akasema, "hii ndiyo sauti niliyokuwa naisikia kichwani tangu utotoni. Wale wa dukani wanatuuzia makopo."

"Makopo," alikubali Mhandisi kwa uchungu.

Pesa zilitoka siku ileile, na sehemu yake ikarudi dukani kununua mashine nyingine, ambayo seremala aliivika mbao za kabati lilelile; ndivyo ilivyokuwa kwa kila mauzo. Chumbani walikuwemo pia mpiga besi, mwimbaji, na mpiga dramu mnene mwenye kofia ya sufi aliyekuwa akikaza ngozi za ngoma zake, lakini hao Mhandisi hakuwatilia maanani. Hawakuwa wateja.

Wa pili alikuwa fundi saa, mpiga gitaa la ridhim katika bendi ya hotelini, mtu wa kupima kila kitu. Huyu alikuja mazoezini na tochi. Aliimulika mbao, akaimulika shaba, akanusa kitambaa. Mhandisi hakumharakisha. Kumharakisha fundi saa ni kujitakia balaa.

"Sauti safi haipasuki hata nikipiga nyuzi zote sita kwa nguvu," alisema fundi saa baada ya robo saa. "Nimetumia mashine nne maishani. Moja ilikuwa inanasa redio, nikipiga wimbo taarifa ya habari inaingia. Nyingine ilikuwa nzito mpaka mgongo ukanikatika. Hii naibeba kwa mkono mmoja, na naisikia mbao ndani ya sauti. Unasikia mbao?"

"Mninga," alisema Mhandisi, aliyekuwa akijua vizuri kwamba ni mlango wa kabati. "Mzee aliuchagua kwa kuugonga na kijiko."

"Alifariki lini?"

Jambo moja lilimponza Mhandisi hapa, na ni jambo la kisanii. Ile shoti ilikuwa imeshamchosha. Aliona inamdhalilisha mzee wa watu, fundi mkubwa kuuawa na kazi yake mwenyewe. Kwa huyu fundi saa mtaratibu, alitaka kifo cha taratibu. "Alilala tu, akiwa mtu mzima sana," akasema. "Aliomba apigiwe uzi wa juu mara moja. Ulipokwisha kulia, naye alikuwa amekwenda."

Fundi saa alivua miwani akaifuta. Nyuma yake, mpiga dramu mnene aliacha kukaza ngoma, akatazama juu, kisha akaendelea.

Wa tatu alikuwa mwalimu wa hesabu, aliyepiga gitaa Jumamosi na kwaya ya wafanyakazi wa reli, ndani ya darasa lenye meza zilizosukumwa ukutani. Mwalimu aliuliza mengi kuhusu umeme, na Mhandisi, kwa kuwa hakujua hata moja, alijibu yote kwa kuzungumzia moyo. Ulipofika wakati wa kifo, alijiona amekwisha iva katika kazi. Akamwangusha Mzee Lehemu kutoka juu ya ngazi, akifunga antena ya mjane jirani, bure, siku ya upepo.

"Alianguka na ngazi?" iliuliza sauti kutoka pembeni.

Mhandisi aligeuka nusu. Mtu mnene, kofia ya sufi, vijiti mkononi. "Alianguka, ndugu yangu."

"Masikini," alisema mpiga dramu. "Pole yake."

Mwalimu alinunua, na juma zima alikuwa akiwaambia walimu wenzake kwamba mwangwi wake ni mwangwi wa zamani, haupatikani siku hizi. Na hapa ni haki tuseme jambo kwa ajili ya mizani: wote watatu walifurahi, na hawakukosea kufurahi. Ile mashine ilikuwa nzuri. Haikuvuma, haikuzima katikati ya wimbo, haikumwaibisha mtu mbele za watu. Kidole alipiga vizuri zaidi kuliko awali, kwa vile sasa alikuwa akiogopa kumkosea marehemu.

Ikabaki moja. Mwenye chumba cha duka alikuwa ametaka kodi ya mwaka mzima, ipelekwe Jumamosi kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo angempa muuza simu aliyekuwa akimpigia kila siku. Kilichobaki kwenye mauzo ya mashine tatu kilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya koti. Ya nne ingekamilisha. Na mnunuzi wa nne alikuwa mnono: Kiongozi, mwenye bendi kubwa kuliko zote mjini, mtu aliyevaa suti hata mazoezini.

Lakini Kiongozi hakuwa Kiongozi bure. "Nimesikia mashine hizi ziko kwa watu watatu," alisema kwenye simu. "Nimewaalika wote waje washuhudie. Jumamosi saa tisa, ukumbini kwangu."

Mhandisi alijibu kwamba hilo ni wazo zuri sana. Kisha akakata simu, akakaa juu ya ndoo.

Jumamosi saa tisa jua lilikuwa likiingia ukumbini kwa madirisha makubwa, na hapakuwa na pembe ya mtu kujificha. Kidole alikuwepo, fundi saa alikuwepo, mwalimu alikuwepo. Kwenye jukwaa, nyuma ya ngoma, alikaa mpiga dramu. Mhandisi alimtazama safari hii, akaona kofia ya sufi, akajaribu kukumbuka aliiona wapi.

Kiongozi alipiga gitaa dakika tano, akatabasamu, akatoa bahasha nene akaiweka juu ya spika. "Sauti nimeikubali. Inasikika mpaka kwenye mlango na bado sijafika tatu. Sasa niambieni, nyie mnaomfahamu marehemu. Alikuwa mtu gani?"

"Shujaa," alisema Kidole. "Kufa kwa shoti huku unatabasamu si mchezo."

Fundi saa aligeuza shingo. "Shoti ipi? Mzee alifariki usingizini."

"Nyote mmepotoshwa," alisema mwalimu. "Ni ngazi. Nina uhakika ni ngazi, nimewatolea wanafunzi hesabu yake."

Halafu vichwa vyote vikamgeukia Mhandisi, kimoja baada ya kingine, na ule mdomo wake uliowahi kumshawishi askari wa barabarani aombe radhi ukakauka kabisa. Akafikiria dirisha. Akafikiria ufunguo.

"Ni yote matatu," ilisema sauti ya mwanamke mlangoni.

Aliingia mama wa makamo, amevaa nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni, amekumbatia koleo kuukuu lililofungwa kwenye leso. Alitembea bila haraka mpaka mbele ya amplifaya. Akaigusa mbao, mabega yakamtikisika.

"Alipanda ngazi," alisema, "akashika waya, shoti ikamtupa chini. Tukamlaza kitandani. Akakaa wiki mbili, na siku ya mwisho akaomba apigiwe uzi wa juu, akalala. Mume wangu alikuwa hafanyi jambo nusunusu."

"Mume wako?" alisema Kiongozi, akisimama.

"Mimi ndiye mjane wa Mzee Lehemu."

Wanaume wote walisimama. Fundi saa alivua kofia. Mhandisi alijisikia kama mtu aliyekuwa anazama akavutwa kwa ukosi wa shati, na kwa nusu dakika nzima alimpenda huyu mama kwa moyo wake wote. Hakujua ametoka wapi, na hakujali. Alikuwa amemwokoa.

Mama aligeuka, akamwona, akatupa mikono juu. "Mwanangu!" Akamkumbatia kwa nguvu mpaka kalamu zikamchoma kifuani. "Mwanangu wewe, umepotelea wapi?"

"Mama," alisema Mhandisi, maana ilibidi aseme kitu.

"Huyu ndiye aliyekuwa akimfunga marehemu kamba za viatu," mama aliwaambia wote, huku akimshika shavu. "Mtoto mzuri. Siku ya mazishi alizichukua mashine zote zilizobaki, akaniambia, mama, nakwenda kuzifuta vumbi. Mwaka mzima sasa." Akamtazama ndani ya macho kwa upole wa kutisha. "Vumbi gani hilo, mwanangu?"

Mhandisi aliona milango miwili mbele yake, na yote miwili ilikuwa mibaya. Angeweza kusema huyu mama ni mwongo, Mzee Lehemu hajawahi kuzaliwa sembuse kufa, na hapo angebaki na wanaume wanne waliolia kwa ajili ya mlango wa kabati. Au angeweza kuwa mtoto mzembe aliyechelewa. Alimtazama Kidole. Kidole alikuwa na mikono minene sana kwa mpiga gitaa.

"Mama," alisema, "vumbi lilikuwa jingi."

"Najua, mwanangu. Nimekusamehe. Na pesa za mashine, ulikuwa unaniletea leo, siyo?"

"Leo hii hii," alisema Mhandisi kwa sauti ambayo hakuitambua.

"Basi asihangaike kwenda mbali," alisema Kiongozi, na akachukua bahasha yake juu ya spika, akaiweka mikononi mwa mjane kwa mikono miwili. Kisha akasubiri. Wote wakasubiri. Mwalimu ndiye aliyesema, kwa sauti ya darasani: "Na zetu tatu, kaka. Mpe mama haki yake."

Mhandisi alitia mkono ndani ya koti. Bahasha ilikuwa na joto la kifua chake. Aliitoa, na alipoiachia vidole vyake vilibaki vimekunjana hewani. Kidole, akiwa amefura kwa huzuni, alizungusha kofia ya rambirambi, na alipofika kwa mwana wa marehemu akasimama mpaka sarafu za nauli zikaingia humo.

Mhandisi alimfuata mjane nje, akawakuta wawili kwenye kona ya ukumbi. Mama alikuwa amekwisha kuvua mtandio mweusi na anajipepea nao. Mpiga dramu alikuwa amembebea mkoba.

"Wewe ni nani?" Mhandisi alisema, akihema.

"Shangazi yangu," alisema mpiga dramu.

"Mjane wa Mzee Lehemu," alisahihisha shangazi. "Umenitambua mwenyewe mbele ya mashahidi."

"Hakuna Mzee Lehemu!"

"Ndiyo raha yake. Nimeolewa mara mbili na wanaume waliokuwepo, baba, na nimeyaona. Huyu hajanipandishia sauti hata siku moja. Na hana ndugu wa kuja kunitolea vyombo nje."

Mhandisi alimgeukia yule mnene. "Ulijuaje?"

"Mjini hapa kila nyumba ina mpiga gitaa," alisema mpiga dramu. "Sisi wa dramu tuko wachache, nani atakupangisha chumba na ngoma tano? Kwa hiyo mmoja anapigia bendi nne. Wateja wako walikuwa tofauti kila mara, kaka. Nyuma yao nilikuwa mimi yuleyule. Nimemzika mzee wako mara tatu."

"Mbona hukusema kitu?"

"Nani huwa anamuuliza mpiga dramu habari za sauti?"

Hapo Mhandisi alifanya jambo ambalo hakulizoea. Aliomba. Alisema kuna mke, kuna chumba cha duka, kuna vumbi la mbao juu ya magauni, na ni saa kumi na nusu. Hakuongeza chumvi, hakuwa nayo. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, na inawezekana kabisa kwamba alimwonea huruma, kwa vile alimtengenezea kola ya shati.

"Una kipaji, mwanangu," alisema. "Lakini ukimuua mtu, muue mara moja." Akaondoka na mpwa wake, wakitembea taratibu kama watu watokao msibani.

Mhandisi alikwenda kwa miguu, maana nauli ilikuwa imemfuata marehemu. Njia nzima alikuwa akitunga. Alipofika karakana alikuwa na maelezo manne mdomoni, yote mazuri, na moja lilikuwa na gari la wagonjwa ndani yake. Mkewe alikuwa barazani, mguu kwenye pedali, pini mdomoni. Alimtazama mikono. Mikono haikuwa na kitu, na barabarani hapakuwa na mkokoteni.

Na Mhandisi, kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu alimpenda, alimwambia ukweli. Alimwambia wote: filimbi, mlango wa kabati, pazia, namba saba, vifo vitatu, mjane wa mtu asiyekuwepo, vumbi lilikuwa jingi. Cherehani ilisimama. Ndani ya karakana msumeno nao ulisimama, ukasikiliza.

Mkewe alitoa pini mdomoni moja moja. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Miaka sita," alisema, na sauti yake ilikuwa na maumivu hasa. "Miaka sita nakusikiliza. Hujawahi kunidharau namna hii. Mjane wa mtu uliyemtunga! Yaani hata kunidanganya vizuri huoni nastahili?"

"Naapa, mke wangu. Muulize kaka yako."

"Kaka yangu unamlisha maneno tangu mlipojuana." Alifuta macho kwa mkia wa kipimo cha kitambaa. "Sema kitu cha maana, au nenda."

Mhandisi alisimama pale, vumbi la mbao likimtua mabegani. Alitafuta namna nyingine ya kuusema ule ukweli, akakuta hauna namna nyingine. Jua lilikuwa linashuka kwenye mabati ya ng'ambo, na mahali fulani muuza simu alikuwa akihesabu hatua za kuingilia chumba chake kipya.

"Mwenye chumba amesafiri," alisema mwishowe, akitazama chini. "Amefiwa. Anarudi Jumatatu."

Mkewe akashusha pumzi, akavuta kigoda kwa mguu, akakisogeza upande wake wa cherehani.

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema. "Kaa, nikutolee chakula."

Alikaa. Alikuwa hajawahi kuaminiwa akajisikia vibaya kiasi kile, na chakula kilipoletwa alikila chote, kimyakimya, akiihesabu Jumatatu kwa vidole.